Ulivyonijibu Mezani pa Tambi

Barasa ndugu yangu,

Leo nimekula tambi bila wewe, mara ya kwanza tangu utuache. Familia ya bosi imekuja Jeddah kwa likizo na dereva ni mimi peke yangu sasa, madam na watoto wote juu yangu, yalla huku, yalla kule, haraka haraka. Madam aliingia duka la nguo, na ukimjua madam na nguo, nikaona nina muda. Kulikuwa na kijihoteli cha Wachina karibu na barabara ya bandarini. Nikaingia.

Wanazivuta kwa mikono vilevile. Jamaa anapiga donge la unga mezani, analivuta kama anayepima kitambaa, anakunja, anavuta tena, na kabla hujajua ni nyuzi tupu. Wewe ulizoea kuziita kamba. "Twende tukafungwe kamba," ulikuwa ukiniambia kila Ijumaa kule Riyadh, nasi tunapenya vichochoro vya Al-Dirah mpaka kwa Mzee Yusufu, yule Mchina wetu wa tambi. Supu ya kondoo, pilipili ya kukutoa kamasi! Katika wiki nzima, saa ile moja tu ndiyo ilikuwa yetu.

Siku ya kwanza nilipokupeleka ulikuwa na wiki mbili tu nchini. Mzee Yusufu akatuambia, "Lahm mafi," yaani nyama imekwisha. Wewe ukasimama wima: "Eti nyama ni mavi?" Nilicheka hadi nikashika ukuta. Baadaye ukalizoea neno lenyewe kama sisi sote. Baba, bosi wetu, akituuliza kama tumechoka, "Mafi mushkila," hakuna shida, hata kama tumeendesha tangu alfajiri. Kwa bosi hakuna jibu lingine.

Ijumaa ile ya mwisho hukumaliza bakuli. Ulikuwa umejishika kifua, jasho linakutiririka, nami nikadhani ni pilipili. Simu ikalia, madam anataka kutoka. Nikakuuliza, "Barasa, uko sawa?"

"Mafi mushkila."

Nikaondoka. Ungenijibu kwa Kiswahili ningekaa, Barasa, haki ningekaa. Ulinipa jibu la bosi, nami nikalipokea kama bosi, nikachukua funguo. Niliporudi baada ya saa moja, Mzee Yusufu alikuwa amekufunika kwa kitambaa cha meza, mkono wako bado ameushika.

Kuna jambo jingine la aibu. Baba alipotia sahihi karatasi zako, usafirishwe nyumbani, nilikuonea wivu. Wewe uliyekuwa ndani ya sanduku! Mkataba wangu uliisha zamani, pasipoti iko kabatini mwake, na kila nikiomba huruj, ile ruhusa ya kutoka, ananijibu bukra, kesho. Nimeomba tena juzi. Bukra.

Nafula, mkeo, nilimwambia kwa simu kwamba ulifariki usingizini, kitandani mwako. Kila tukiongea ananiuliza ulisema nini mara ya mwisho, nami namwambia ulikuwa umelala. Nimekuwa nikijiambia kwamba jambo kama hili husemwa ana kwa ana, nitakapofika kwenu Kimilili. Leo, bakuli likiwa mbele yangu, nimeshindwa kuendelea kujidanganya. Baba ameifungia pasipoti yangu. Mdomo nimeufunga mwenyewe.

Naogopa. Nafula akijua nilikuacha pale, huenda asipokee simu yangu tena, na hakuna mwingine ninayeweza kukutaja kwake. Ana haki ya kukasirika. Ana haki pia ya kujua kwamba hukufa peke yako gizani, kwamba ulikuwa umeketi mahali ulipopenda, na mzee mmoja wa Kichina alikushika mkono. Hilo nalo nimemnyima.

Naandika barua hii juu ya usukani. Pumzika, ndugu yangu. Huruj sijui nitapewa lini, labda nitazeekea kwenye gari hili, lakini nakuahidi sitaingoja tena. Madam bado hajatoka dukani. Ninampigia Nafula sasa.

Kilonzo wako