Mshono Usio Wangu

Mdogo wangu,

Ukirudi sokoni, chai iko kwenye chupa. Pasi usiiguse, inapiga shoti. Mwenye gauni la bluu akija, mwambie kesho.

Tunakwenda shuleni na mwanangu. Asubuhi nilikuwa nampigia pasi sweta, nikaona mkono umeshonwa, na mshono si wangu. Mimi nashonea mtaa mzima, halafu mtoto niliyemzaa anapeleka sweta lake kwako, wewe usiyejua hata kupachika kifungo!

Nilipombana akasema yote. Wasichana watatu wa darasa lake wanamkata nguo kwa mkasi na kumwita “Kiraka”, wiki ya tatu sasa. “Mama mdogo anajua,” akasema. Nimewakasirikia wale wasichana, lakini wewe nimekuonea wivu, sikufichi. Wiki tatu mnanong'ona jikoni, nikiingia mnanyamaza!

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi. “Ungefoka, mama. Yeye alinisikiliza kwanza.” Na kweli, hapo hapo nilikuwa nafoka. Nikakaa chini, nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Mwalimu mkuu atatuona saa nne. Nitaongea taratibu, nimemwahidi.

~~Wewe baki nyumbani, hayakuhusu.~~

Funga mlango, uje. Lete lile daftari mnamoandika tarehe na majina. Ulifikiria vizuri, ingawa inaniuma kusema. Hapa anavaa viatu, na ameshaniuliza mara mbili kama utakuwepo.

Mama yake mzazi