Seva Zinalala Kangeta Ikiamka

Rafiki yangu Mutwiri,

Nimekasirika, na nitaanza na wewe. Umeenda mapema ukaniacha na hawa watu.

Siku tulipokuzika, bosi wetu alisimama kando ya kaburi akasema utakumbukwa kwa kupunguza matumizi ya stima. Hata mimi nililia. Kumbe alikuwa amechukua nusu ya kazi yako. Wewe ulizipanga seva zetu hapa Makutano zilale kwa zamu mchana, soko likitulia, lakini alfajiri zote ziwe macho, wakati wakulima wanapima miraa. Yeye amezilaza karibu zote mpaka sisi tufungue ofisi, tukiwa tumeshiba chai. Bili imeshuka, anatembea akijipongeza. Na upuuzi huo ameuita Mpango wa Mutwiri. Jina lako, bwana.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipokuuliza kwa nini tusizilaze asubuhi? "Wanja, wewe ni mtu wa Kanja, kwenu mnalima kahawa. Kahawa inangoja. Miraa haingoji." Nilinuna, lakini nilielewa. Bosi hataki kuelewa.

Wiki jana mama yako alipeleka miraa yake sokoni Kangeta, ameifunga vizuri na majani ya ndizi. Unajua mnunuzi hapakii mzigo mpaka meseji ya mfumo wetu ya kuthibitisha uzito iingie. Soko zima lilikuwa linasukumana kwenye zile seva chache zilizoachwa macho. Wakangoja. Pikapu zikachoka kungoja, zikaondoka. Meseji iliingia jua likiwa kali, miraa imenyauka, na mama yako akaibeba akarudi nayo nyumbani.

Alinipigia. Heri angenigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huu mpango ni wa kijana wangu kweli?"

Nilishika simu nikalia kama mtoto.

Nilimwendea bosi. Akasema stima ni ghali na wakulima watazoea. Watazoea nini, kuuzia mbuzi miraa? Nilitoka kabla sijamtukana.

Bado nina ufunguo wako wa chumba cha seva. Kesho kabla hakujapambazuka nitaziamsha zote, bila ruhusa ya mtu, na kesho kutwa pia. Akitaka kunifuta kazi, anifute. Halafu nitampigia mama yako akiwa bado shambani, nimwambie achume, mpango wa kijana wake umerudi.

Pumzika sasa. Ni mimi,
Wanja