Jina la Mama Limeingia Kwenye Kompyuta

Kiwanda cha Pamba,
S.L.P. 47,
Shinyanga.
12 Oktoba 1986

Mpendwa Kaka Cornel,

Shikamoo. Hujambo huko ughaibuni, Sofia? Umeshanunua lile koti, au bado unashindana na baridi kwa sweta moja? Sisi huku wazima, isipokuwa Mama goti linamsumbua. Mvua za kwanza zimenyesha kijijini kwetu Didia na watu wanaandaa matuta.

Kaka, nina habari kubwa. Kompyuta yetu ya kiwandani sasa ina mfumo mpya! Mashine ni ile ile kuukuu inayohudumia vioo vitatu vya kuandikia na kusomea vya sisi makarani. Tulichobadilisha ni mfumo unaoiendesha.

Ule wa zamani ulikuwa na kikomo: wakulima elfu nane wa kupewa mbegu, basi. Ukiongeza mmoja unakataa. Unakumbuka Baba alipofariki jina lake lilifutwa, na nafasi ikachukuliwa na mwingine kabla hatujamaliza matanga. Tangu hapo Mama yumo kwenye orodha ya wanaosubiri, na misimu miwili amekwenda kwa Baba Mdogo Pantaleo kuomba mbegu za shamba alilolilima mwenyewe miaka ishirini. Baba Mdogo hutoa, lakini hutoa amekaa, Mama kapiga magoti. Mimi roho huniuma.

Orodha ya mbegu inakwenda vijijini kesho. Meneja alisema mfumo mpya usipokubali kufikia Ijumaa, itatumika ya mwaka jana.

Aliyeshika kazi ni fundi wetu, Bwana Jashvant, mtoto wa mzee Champaklal mwenye duka la vitambaa. Alhamisi tulinakili majina yote kwenye kanda, nakala mbili, kisha akaifuta diski nzima. Kuifuta, Kaka. Katikati ya kupakia mfumo mpya umeme ukakatika, ikabidi tuwashe jenereta na kuanza upya. Majina yaliporudishwa kutoka kwenye kanda, yalitimia elfu nane, hakuna aliyepotea. Nilicheza pale pale mbele ya meneja, na wala sioni haya.

Ndipo nikaanza kuwaingiza waliosubiri, maana mfumo huu hauna kikomo kile. Nilimweka Mama wa kwanza (upendeleo, najua, usinisute). Nikaandika "Mama Cornel". Nikaendelea na wajane wenzake kama katibu wa kijiji alivyowaandika: Mama Masanja, Mama Kulwa, Mama Masanja, Mama Masanja. Bwana Jashvant akasogea, akasoma, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniuliza taratibu, "Justa, mbegu atapewa Mama Masanja yupi?"

Niliona aibu. Hata Mama yetu, mimi mwenyewe mtoto wake, jina lake halikunijia kichwani.

Basi jana asubuhi tulipewa Landrova ya kiwanda tukazunguka vijijini kuwauliza akina mama majina yao wenyewe. Wengine walisita kabla ya kujibu, kama wanaoulizwa habari za mgeni. Mama hakusadiki nilipomwambia jina lake litaingia kwenye orodha, akapanda gari akaja nami mpaka ofisini. Nikafuta nilichoandika mwanzo, nikaandika upya, nikamsomea kutoka kwenye kioo: Nyamizi Lubinza, Didia, ekari nne.

Akasema, "Soma tena, mwanangu. Polepole."

Nilisoma mara tatu. Nililia mimi, yeye hakulia.

Shangazi Paskazia anakusalimu sana, na Baba Mdogo pia, ingawa amenuna kidogo, atazoea. Bwana Jashvant anauliza kama huko kuna kompyuta kubwa kuliko yetu. Nimemjibu haiwezekani.

Mama anakuombea Mungu akulinde, akurudishe na afya yako. Ila ana ombi moja. Barua yako ijayo, juu ya bahasha, usiandike Mama Cornel. Andika Nyamizi Lubinza. Anasema anataka karani wa posta aliite jina hilo kwa sauti, watu wote wakiwa kwenye foleni.

Mdogo wako akupendaye hata ukichelewa kujibu,
Justa