Pongezi Iliyoota Mdomo

Jumatatu, 4 Novemba

Kikuyo, funga bakuli lako! Nimekuzaa mimi, nimekulea mimi, halafu unasimama jikoni kwangu unamwita mtoto wa marehemu kaka yako mchawi? Nilimwambia hivyo hivyo, usoni. Naandika tena kwa sababu hasira haijaisha.

Mambo yenyewe. Jana ilikuwa siku ya heri kwenye kalenda. Mjukuu wangu Sawako kapeleka bahasha ya pesa za zawadi ya harusi nyumbani kwa shangazi yake Kikuyo — Honami, binti wa Kikuyo, anaolewa tarehe 23. Nyumba hii hatununui bahasha zilizochapwa. Tunaandika wenyewe, kwa brashi na wino. Sawako kaandika. Mimi nilikuwa nakausha figili zangu kwa moshi, sikuitazama. Kikuyo kaipokea kwa mikono miwili, kainama, kaangalia — yowe! Kaja nayo mbio hadi jikoni kwangu.

Badala ya "pongezi" imeandikwa "laana".

Herufi zenyewe ni kanji, zile za kuunganisha vipande, na hizi mbili ni kama pacha. Kulia zote mbili zina kipande cha "kaka". Kushoto ndiko zinakoachana: pongezi ina madhabahu, laana ina mdomo. Sawako kaweka mdomo. Tena mdomo mzuri, mweusi, umekolea wino!

Kikuyo anasema ni kijicho. Eti Sawako ana miaka thelathini na mbili, hajaolewa, na mdogo wake anamtangulia. Harusini asikanyage.

Sawako hakujitetea. Kasema tu, "Bibi, mimi niliona ni ileile."

Ileile! Una macho au una vifungo vya shati?

Jumanne, 5 Novemba

Kikuyo hapokei simu zangu. Na asipokee.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo wakati wa kula Sawako kaweka vijiti chini. Supu inapoa, yeye ananieleza.

Kumbe ule mtihani wa kulea wazee aliofeli mara mbili — hakufeli kwa uvivu. Anasoma mpaka kichwa kinauma. Zile herufi nyepesi za sauti anazisoma. Kanji ndizo zinazomtoroka. Leo anaijua, kesho ni mgeni. Na kule nyumba ya wazee anakofanya kazi wanampenda kuliko wote! Mzee Tadokoro hakubali kuogeshwa na mtu mwingine.

Msimamizi wake kamwambia kuna mwalimu chuoni, mjini Akita, anapima watu wazima wanaoshindwa kusoma. Kesho ana miadi.

"Watu wazima?" nikamuuliza. "Kusoma si shida ya watoto?"

"Ndiyo maana nilikuwa naona aibu, Bibi."

Nimesema nakwenda naye. Hawezi kwenda kuchekwa peke yake. Akichekwa, niwepo.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimechoka lakini lazima niandike.

Mwalimu mwenyewe ni mwanamke, Onodera, mwembamba, soksi moja imegeuzwa. Nikafikiri: huyu ndiye atampima mtu macho? Lakini ana adabu. Kanipa kiti chenye mto.

Kwanza kampima Sawako kuona. Anaona mbali kuliko mwewe. Halafu kamsomea maswali kwa sauti, yale yale ya mtihani wa wazee. Kajibu yote! Vidonda vya mgongo, kumlisha aliyepooza, yote, bila kusita. Mimi nimekaa pale nimevimba kama andazi.

Kisha kampa picha. Mistari tupu, imepandana, kama mtu kamwaga sanduku la misumari. "Nakili." Sawako kaanza na kipande kidogo pembeni, kaenda kingine, karudi, kafuta. Mwisho ikafanana kidogo. Mwalimu kaificha. "Sasa chora bila kuangalia."

Alichokichora — nyumba baada ya tetemeko. Vipande vipo, nyumba haipo.

Nikasema nipeni na mimi karatasi. Mwalimu kacheka, kanipa. Niliichora yote! Umbo kubwa kwanza, halafu vya ndani. Mimi niliacha shule nilee wadogo zangu, nimejifunza kanji kwenye magazeti ya kufungia figili. Kumbe jicho langu linashika umbo zima. La Sawako linashika vipande.

Mwalimu kasema: "Mama, macho yake ni mazima. Shida ni namna anavyolishika umbo. Kanji ni umbo, na lisiposhikika, kusoma kunakuwa mlima; sisi tunauita ugumu wa kusoma. Tunaendelea kuchunguza umbo linachangia kwa kiasi gani kwa watu wazima wengine. Lakini kwa mjukuu wako naiona wazi."

"Kwa hiyo si mvivu?"

"Hapana."

"Si mjinga?"

"Mama, umemsikia mwenyewe akijibu."

Sawako kaziba uso kwa mikono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka! Anacheka na machozi yanatoka, mabega yanaruka. "Bibi, ina jina! Shida yangu ina jina!"

Mwalimu atamwandikia cheti aombe muda zaidi kwenye mtihani na karatasi ya maandishi makubwa. Na atamfundisha kanji kwa hadithi, kipande kwa kipande, kwa sauti.

Kwenye treni kalala begani kwangu, mdomo wazi. Kizito kichwa hicho. Sikusogea.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimelala kama gogo. Sawako anaimba bafuni. Anaimba vibaya. Aimbe.

Jumapili, 10 Novemba

Kikuyo kaja. Kasimama mlangoni, viatu hajavua. Nikamweleza yote.

"Mama, hiyo ni rangi ya kufunika aibu. Na wewe ndiye uliyemlazimisha kushika brashi!"

"Ndiyo! Na ungeniuliza kabla ya kupiga yowe."

Sawako akatokea nyuma yangu, mikono ina unga. "Shangazi," kasema, "ningetaka kukulaani ningekuja kukwambia. Kuandika ndiko kunakonishinda!"

Kikuyo kakaza uso. Kakaza, kakaza — kicheko kikamponyoka puani. Kavua viatu. Kamshika Sawako mkono na unga wake, kamwambia Honami anamuulizia kila siku.

Nikashusha pumzi. Nikafikiri yameisha.

Halafu Kikuyo kasema kwa sauti ndogo: siku ile ya bahasha mama wa bwana harusi alikuwepo sebuleni kwake. Kaiona bahasha. Na jana kapiga simu, anauliza kama harusi isogezwe mpaka wajue ni ukoo wa namna gani.

Ukoo wa namna gani! Sisi!

Wanabishana sebuleni sasa hivi nani aende kuomba radhi. Kikuyo anataka niende mimi kwa sababu ya mvi.

Sitakwenda mimi. Sawako, nawa mikono, vaa koti la bluu. Utamweleza wewe mwenyewe yule mama wa bwana harusi, kama ulivyotueleza sisi. Kikuyo, washa gari — na ukifika huko usimkatize!