Bastola Aliyoichagua Mjomba

Kihonda, 3 Juni 2024

Mpwa wangu Winfrida,

Sisi hapa wazima, na kikohozi cha mama yako kimepona. Nawe huko Kisaki, kazi ya kulinda wanyama inakwendaje?

Nimesikia utashindana kulenga shabaha Ngerengere, na kwamba washindi watatu wataingia timu ya mkoa. Nimemwendea Mzee Kasiani, mwenyekiti wa klabu ya shabaha, naye amekubali kukuazima uwanjani bastola yake ya fahari, ile yenye kishikio cha mbao. Nimekwisha kumpa neno, na mimi ndiye mjomba wako.

Mjomba wako,
Alois

Kisaki, 10 Juni 2024

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, ila mbung'o wananisumbua. Ahsante kwa kunihangaikia. Lakini naomba nitumie bastola yangu ya kazini, aina ya Dravo. Ni ya bei nafuu, na sura yake ni kama pasi ya mkaa. Hata hivyo, imeanguka matopeni, imelala vumbini, nikaifuta kwa kitambaa, ikalia. Springi ikichoka, fundi wetu ana nyingine sandukuni. Mkono wangu umeizoea. Ile ya Mzee Kasiani ningelazimika kuiamkia kwanza ndipo niiguse.

Usikasirike, mjomba.

Mpwa wako,
Winfrida

Kihonda, 17 Juni 2024

Winfrida,

Nyumbani wazima. Tangu lini mpwa anatengua neno la mjomba wake? Kasiani amekwisha kutangaza kanisani kwamba bastola yake itaingia timu ya mkoa. Ukienda na pasi yako, mimi siji Ngerengere, na mama yako haji bila mimi.

Alois

Kisaki, 2 Julai 2024

Shikamoo mjomba,

Natumaini mmeamka salama. Viti vyenu viwili vilikaa vitupu.

Nilikwenda na Dravo. Mzee Kasiani akasema basi atashindana mwenyewe na yake. Upepo ulileta vumbi jingi, na risasi yake ya tatu ikakwama. Aliitikisa, akaibembeleza kama mtoto mgonjwa, wapi. Msimamizi alimruhusu kurudia kwa bastola nyingine, ndipo akanisogelea polepole: "Binti, hiyo pasi yako ina moto bado?" Sijui nani alimfundisha neno hilo. Nikampa.

Yeye amekuwa wa nne, mimi wa pili. Amenisihi nisikuambie habari za kukwama, kwa hiyo sijakuambia.

Kambi ya timu inaanza Agosti. Mama amesema haniruhusu kwenda bila baraka yako.

Mpwa wako,
Winfrida

Kihonda, 9 Julai 2024

Mpwa wangu Winfrida,

Hapa sote wazima, na mama yako anakukaangia karanga za safari.

Kasiani alipita jana. Alikunywa vikombe viwili vya chai ndipo akauliza Dravo zinapatikana wapi. Nikamweleza kwamba ni imara, vipuri vyake havisumbui, haidekezwi, na kwamba ndiyo maana nilikushauri uitumie tangu mwanzo. Akaomba kikombe cha tatu.

Njoo Jumapili nikubariki. Kasiani atakuwapo. Akikuuliza nani alikuchagulia, usinivunjie heshima.

Mjomba wako,
Alois