Kila Mwezi Nasema Chatu Bado

Bibi Hildegarda, shikamoo.

Nakuandikia nimekaa jikoni, mlango nimeufunga, naomba uninusuru maana jambo hili nikimwambia jirani litafika kisimani kabla yangu na nikilinyamazia litaniua. Safu yako naijua sana kwa sababu mume wangu, Makarius, ni mwalimu wa kisomo hapa kijijini kwetu karibu na Mikumi, na kila Jumatatu alasiri gazeti likishafika analisoma kwa sauti darasani nasi watu wazima tunamfuatisha, na safu yako ndiyo tunayoipenda kuliko habari za bei ya pamba. Jina langu tafadhali ulifiche, lakini ya hao wengine yaandike yote, waaibike.

Sisi tunafuga chatu. Usishtuke. Mume wangu alimwokota akiwa mdogo, urefu wa mkono mmoja tu, mwaka ule tulipohamia kijijini na kufyeka shamba la ujamaa upande wa mbugani, na kwa kuwa zamani alifanya kazi ya mkonge pamoja na Msukuma mmoja mcheza ngoma ya nyoka, hakuogopa, akamtia kwenye mfuko wa koti akamleta nyumbani, nami siku ile nilikimbia mpaka kwa mama yangu. Lakini nilirudi, na leo mimi ndiye ninayemlisha, kwa mkono wangu hula na kwa mkono wa mtu mwingine hugoma, jina lake Taratibu, na siku ya Saba Saba kikundi chetu cha ngoma kikimbeba uwanjani Kilosa hata wakubwa wa chama huinuka vitini.

Sasa mume wangu anataka Taratibu azae. Chatu dume aliye karibu yuko Ulaya, si ya Wazungu, ni kijiji cha huku huku Kilosa, kwa mwanamke anayeitwa Odilia, mjane wa yule yule Msukuma, na desturi yao hao wacheza nyoka ni kwamba jike ndiye anayepelekwa kwa dume, na mwenye jike hukaa huko huko mpaka kazi iishe, wiki mbili, pengine tatu. Umesikia, Bibi? Wiki tatu mume wangu alale kwa mjane! Nilimwona huyo Odilia Saba Saba ya mwaka juzi, ana shingo ndefu, anacheka mpaka magego yanaonekana, chatu wake kamtupia begani kama khanga, na mume wangu akawa anamuuliza maswali, huyu anakula nini, anajivua gamba lini, na majibu anayaandika kwenye daftari, mimi nimesimama pembeni nimeshika tenga tupu. Miaka tisa ya ndoa, mimi hajaniandika kwenye daftari lolote. Nilimwambia basi dume aletwe huku kwetu, akasema dume akihamishwa hugoma. Nikauliza, umejuaje? Akasema, Odilia kasema.

Jike hapelekwi mpaka awe tayari, na hapo ndipo penye dhambi yangu. Umri Taratibu anao, huu ni mwaka wa tano, urefu anao, amepita futi kumi na moja, kilichobaki ni uzito, kwa maana jike akishataga hujizungusha juu ya mayai wala hali kitu karibu miezi mitatu, akianza kazi hiyo akiwa mwembamba hufa. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tunamtia kwenye gunia tunampeleka ghala la ushirika, na karani Kondo anamtundika kwenye mizani ya pamba huku kageuza uso, namba tunajisomea wenyewe. Mume wangu anataka afike kilo thelathini. Mwaka jana mwezi wa nne alifika ishirini na nane. Mume wangu akaniambia, "Mama Fausta, wewe ndiye unayemjua, mimi namba tu. Yuko tayari?" Nikasema bado.

Tangu siku ile nimempunguzia chakula. Zamani alipata kuku mzima au sungura kila baada ya wiki mbili, nikaanza kumpa mara moja kwa mwezi, halafu panya wa ghalani tu, na kuku wake tumekula sisi, mume wangu mwenyewe amekula paja akausifu mchuzi. Kila mwezi ananiuliza, kila mwezi nasema bado, na wiki iliyopita mizani ilisoma ishirini na mbili. Bibi, mume wangu alichuchumaa pale ghalani akaweka kichwa juu ya gunia. Akasema, "Mama Fausta, labda sisi hatujui kufuga. Ana ugonjwa huyu." Sasa kila siku ya gulio anapanda baiskeli kwenda Ulaya kumuuliza Odilia dawa! Juzi karudi na mkeka mpya wa ukili, wenye rangi, akasema, "Odilia kakutumia. Kasema utakuja kuulalia." Mkeka wa nini? Anataka nikalale nje niwe shahidi? Nimeukunja nimeutupa darini.

Na Taratibu nikifungua tenga ananyanyua kichwa anafuata mkono wangu mtupu, ngozi imelegea mgongoni, mfupa unaonekana. Nimemlea toka hakuna. Nalia, halafu namkumbuka Odilia na shingo yake, nafunga tenga.

Saba Saba inakaribia na baada ya hapo ndiyo majira yao ya kupandana. Niseme yuko tayari, mume wangu aende? Au niseme bado?

Mimi mwenye moyo unaowaka,
Mikumi.

BIBI HILDEGARDA ANAJIBU:

Marahaba, mwanangu.

Jina lako nimelificha kama ulivyotaka, na ya hao wengine nimeyaacha kama ulivyotaka. Sasa hesabu mwenyewe, huko Mikumi kuna akina Makarius wangapi walimu wa kisomo wenye chatu? Hata la mtoto umeliandika. Nilifikiri kuyafuta yote, nikaona kazi bure, kwa sababu nikimfuta na chatu hakuna barua iliyobaki. Wivu umekufanya uvue nguo sokoni huku umejifunika uso.

Pole kwanza. Nakuambia pole ya kweli, maana mwanamke anayesimama na tenga tupu huku mumewe anaandika maneno ya mwanamke mwingine, anaumia, na asiyeumia ni gogo. Nami niliwahi kuwa kijana. Nilikuwa na wivu wa kutosha kijiji kizima.

Pole imekwisha. Sasa nisikilize.

Mimi habari za chatu sizijui, hata picha yake naipita haraka. Nilimwendea Bwana Nyama mmoja aliyestaafu, afisa wa wanyama wa porini, nikamsomea kilo ulizoandika. Alichoniambia ni kile kile ulichokiandika: umri bila mwili si kitu, jike awe amenona, awe amejivua gamba vizuri, awe amekula kwa mfululizo miezi mingi. Aliposikia ishirini na nane alisema, "Mwaka jana huyo alikuwa anakaribia kabisa." Aliposikia ishirini na mbili aliniuliza kama mwenye kumlisha amekufa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni bado. Mwaka huu ukimwambia mumeo bado, utakuwa unasema kweli kwa mara ya kwanza, na ukweli huo umeutengeneza wewe kwa mikono yako. Akipelekwa Ulaya Julai hii na akashika mayai, atayalalia na kufa juu yake. Usithubutu!

Tuje kwa huyo Odilia anayekunyima usingizi. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu wewe mwenyewe umeniambia kwamba Taratibu hali ila kwa mkono wako. Umeniambia mwenye jike ndiye anayekaa na jike wake mpaka kazi iishe. Sasa mwenye jike ni nani? Ni mwalimu mwenye darasa la kila Jumatatu, anayesema mwenyewe kwamba yeye ni namba tu? Mumeo hajasema hata mahali pamoja kwamba yeye ndiye atakayelala Ulaya. Umejisemea wewe. Mwanamke anayemtaka mume wa mtu hamtumii mke wake mkeka, mwanangu. Ule ni wa kulalia wewe, na kausuka kwa rangi kwa kuwa anamngojea mgeni.

Na kabla hujaanza kumnyima Taratibu chakula, mumeo alikwenda Ulaya mara ngapi? Hukuandika hata moja. Sasa anakwenda kila gulio. Aliyempandisha kwenye baiskeli ni nani? Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe umekwisha kufika majini.

Kuhusu daftari, hilo ni kosa la mumeo na nitamwambia hapa hapa. Mwalimu Makarius, ukiwa unasoma: mtu anayemjua chatu wako yuko nyumbani kwako. Kaa naye na kalamu. Muulize anakula nini, anajivua lini. Muandike.

Wewe, haya ndiyo ya kufanya. Leo hii mpe Taratibu panya mmoja au kifaranga, kisha baada ya wiki mwingine, usije ukamshindilia kuku mzima kwa majuto, utumbo uliolala njaa hauamki kwa kishindo. Saba Saba abaki nyumbani, kikundi kicheze na ngoma tu, wakubwa wa chama hawatakufa. Mwaka mzima alishwe kama zamani, na kuku wako wa mchuzi ununue wengine. Mkeka ushushe darini uanike. Akifika kilo thelathini mwaka ujao umpeleke Ulaya mwenyewe, tenga kichwani, na ukifika mlangoni kwa Odilia mwamkie wewe kwanza.

Chatu jike hukaa miezi mitatu bila kula kwa ajili ya mayai yake, na hakuna anayemlazimisha. Wewe wa kwako umemfungisha mwaka mzima kwa ajili ya shingo ya mwanamke ambaye hata hajakukosea. Aibu hiyo ibebe, usimtupie mtu.

La mwisho. Nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta wiki nzima kabla ya gazeti, ili uisome kabla yake. Mwambie mumeo wewe mwenyewe, mchana, tenga likiwa wazi katikati yenu, umwambie kuku walikwenda wapi na mchuzi ule ulikuwa wa nani. Atakasirika. Mwache akasirike.

Halafu Jumatatu alasiri usikimbilie shambani. Nenda darasani ukae dawati la mbele. Akifika kwenye ukurasa huu na sauti ikamkwama, wewe unajua kusoma sasa, yeye ndiye aliyekufundisha. Simama umalizie.