Programu ya Elirehema

Jumatatu, 4 Agosti
Chai, kompyuta, kuangalia kama oda za jana zimevuka. Hazikuvuka tena. Mfumo wa mauzo una oda za njegere, stoo haina habari. Nimeziingiza kwa mkono hadi mchana. Akina mama wa kufungasha walikaa wakisubiri, wengine wakanuna. Wana haki.

Programu inayobeba oda kutoka mauzo hadi stoo, kisha hadi uhasibu, aliiandika Elirehema. Hapa Usa River hakuna mwingine anayeielewa vizuri. Na Elirehema yuko kwake Tengeru tangu Pasaka, macho yanazimika. Presha ya macho. Tumekaa meza moja tangu niajiriwe, namwita Kaka Eli.

Jumatano, 6 Agosti
Meneja ameniita. Anataka tukodi jukwaa la mtandaoni, la kuunganisha mifumo yote bila kumtegemea mtu mmoja. Nichague mimi, kabla mwezi haujaisha. Nikamwambia Kaka Eli anasubiri upasuaji, anaweza kurudi. Meneja si mtu mbaya. Aliangalia chini, akasema mboga mbichi hazisubiri. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

Jumamosi, 9 Agosti
Tengeru. Kaka Eli alinijua kwa sauti. Amekonda. Nilimweleza yote, sikuficha. Nilitegemea atakasirika. Badala yake alitaka kujua ni majukwaa gani. Nikamwambia yamebaki mawili. La kwanza unaandika maelekezo mwenyewe, kwa maneno. La pili unavuta viboksi kwa mausi na kuviunganisha kwa mistari.

Akachagua palepale. La maneno. Kuna kompyuta zinazosoma maandishi kwa sauti, ameshaanza kujifunza. Maneno atayasikia. Viboksi hatavisikia. Alisema hata macho yasipopona kabisa, atalisimamia hilo jukwaa. Mkewe alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

Halafu akanipa jaribio la kufanya. "Kata mtandao oda ikiwa njiani. Ukirudisha, angalia imefika mara ngapi. Hapo ndipo utajua ukweli."

Nimerudi nyumbani Moshono nikiwa na furaha kidogo. Naombea la maneno lishinde.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimefanya jaribio. La maneno limepeleka oda ileile mara mbili. Stoo ingetoa mzigo mara mbili, mteja angepata ankara mbili.

La viboksi lilisubiri. Mtandao uliporudi likapeleka mara moja, basi.

Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimerudia. Nimebadilisha mipangilio, nimewaandikia wenye jukwaa, wamejibu kwa adabu kwamba tatizo wanalijua. Hawasemi litaisha lini. Nimerudia tena. Oda imefika mara mbili.

Naweza kuandika ripoti kwamba majukwaa yote mawili yako sawa, tuchukue la maneno. Meneja hatalijaribu mwenyewe, ataniamini. Nimekaa na wazo hilo jioni nzima. Nimejichukia, kisha nikaendelea kuliwaza.

Jumanne, 19 Agosti
Kaka Eli amefanyiwa upasuaji. Mkewe alinipigia. Daktari amesema wamejaribu kulinda kilichobaki. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ni mwanga wa dirishani tu.

Aliongea taratibu kama anayesoma tangazo la msiba kanisani. Nikamwita wifi, nikamwambia nitakuja Jumapili.

Jumapili, 24 Agosti
Nimeenda baada ya ibada. Plasta bado iko kwenye jicho moja. Nilipanga kuongea mambo mengine. Yeye akauliza: "Lile jaribio?"

Nilitaka kudanganya. Kweli nilitaka. Nikamwambia la maneno limepeleka mara mbili, kila nilipojaribu.

Mkewe akaacha kuosha vyombo ili asikilize.

"Basi chukua la viboksi," akasema. "Hata mimi ningechukua hilo."

Kisha akageuza uso kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Hakuniaga. Sikumlaumu.

Jumatano, 27 Agosti
Nimekabidhi ripoti. La viboksi. Meneja amenishukuru, amesema nimefanya kazi nzuri. Nimeomba Kaka Eli atafutiwe kazi nyingine, hata ya kupokea simu za wateja. Amesema atazungumza na wakubwa. Nimeshajua jibu kwa jinsi alivyosema. Nimeenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi mezani.

Jumatatu, 8 Septemba
Tumezima programu ya Kaka Eli leo asubuhi. Oda zote zimevuka. Akina mama wa kufungasha wamemaliza mapema, wamecheka.

Jumamosi, 13 Septemba
Tengeru. Kahawa imeanza kuiva. Kaka Eli alikuwa shambani, kikapu kiunoni, anachuma kwa vidole. Alinieleza kwamba iliyoiva ni laini kidogo ukiibonyeza, kwamba anaanza kuzoea. Kuhusu kazini hakuuliza hata neno. Alionekana ametulia.

Kikapu kilipojaa mkewe alikipokea, akamshukuru, akakipeleka nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Akamwaga kahawa juu ya turubai. Nusu ilikuwa mbichi. Akaanza kutoa za kijani moja moja, taratibu, zisitoe sauti.

Nikakaa chini nikamsaidia. Upande wa pili wa nyumba tulimsikia Kaka Eli akichuma.